Wasomaji Wauliza: Kitabu Hakina Karatasi, Bei Yake Inatoka Wapi?

Toleo lililopita lilieleza namna ya kununua na kusoma vitabu vya kielektroniki kwa simu, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko kurasa tulizopewa. Nimechagua sita. Baadhi nimezifupisha bila kugusa hoja zake.

Dola kumi na tano kwa kitu kisichoshikika

*Ndugu Mhariri, riwaya mpya ya Kimarekani niliyokuwa naitafuta inauzwa dola 14.99 kwa toleo la kielektroniki, na toleo lake la karatasi nimelikuta kwa bei ya chini kuliko hiyo. Faili halina karatasi, halina wino, halipandi meli wala halikai ghalani. Kwa nini nilipe zaidi kwa kitu kisichoshikika? Huu si wizi wa mchana? — Mhasibu, Nairobi*

Ndugu Mhasibu, neno wizi nisingelitumia, ingawa mahakama moja ya New York ilipata kutumia neno lisilo mbali sana nalo, na habari hiyo nitaifikia.

Kwanza tuondoe dhana kwamba bei ya kitabu ni bei ya karatasi. Mswada hupita mikononi mwa mhariri, msomaji wa prufu, mpangaji wa kurasa na msanii wa jalada kabla mashine ya kuchapa haijawashwa, na gharama hizo hazipungui hata senti moja kitabu kinapogeuzwa kuwa faili. Mchapishaji wa New York anayetoa makumi ya maelfu ya nakala kwa mkupuo mmoja hutumia sehemu ndogo tu ya bei ya jalada kwa karatasi na uchapaji. Kwetu uwiano ni mwingine, kwa sababu nakala huchapwa chache na karatasi nyingi nzuri huagizwa kutoka nje. Kiwanda cha Pan Paper cha Webuye, kilichokuwa tegemeo la Kenya, kilisimama mwaka 2009. Kwa hiyo mchapishaji wa Nairobi au Dar es Salaam ana nafasi kubwa zaidi ya kushusha bei ya faili kuliko mwenzake wa Marekani, na asipoishusha una haki ya kumuuliza sababu.

Lakini wewe unauliza kuhusu kitabu cha Marekani, na bei ya huko ilipatikana kwa ugomvi. Amazon ilipotoa kifaa chake cha kusomea vitabu, Kindle, mnamo Novemba 2007, kwa dola 399, ilitangaza kwamba vitabu vipya vinavyouzwa sana vingepatikana kwa dola 9.99. Bei hiyo haikupangwa na wachapishaji. Wao waliuza kwa jumla: kitabu chenye bei ya jalada ya dola 26 walimpa muuzaji kwa takriban nusu, yaani dola 13, na muuzaji akawa huru kukiuza kwa bei aitakayo. Amazon ikakubali hasara ya dola 3 hivi kwa kila nakala, kwa kuwa ilikuwa inawazoesha wasomaji kifaa chake na duka lake. Mchapishaji alilipwa fedha zake zote na bado hakuwa na amani, maana aliona kwamba msomaji aliyezoea 9.99 asingekubali tena kulipa 26, na kwamba siku moja muuzaji huyohuyo angerudi kudai apunguziwe bei ya jumla.

Apple ilipokuwa inaandaa iPad mwanzoni mwa 2010, wachapishaji watano kati ya sita wakubwa waliingia nayo mkataba wa uwakala, ambao unamwachia mchapishaji kupanga bei na kumpa muuzaji asilimia 30. Bei zikapanda hadi dola 12.99 na 14.99. Wewe ni mhasibu, piga hesabu: asilimia 70 ya dola 12.99 ni dola 9.09. Mchapishaji aliyekuwa anapokea dola 13 alikubali kupokea 9.09, ili tu uamuzi wa bei urudi mikononi mwake. Ni nadra sana kumwona mfanyabiashara akipigania kulipwa pungufu, na ndiyo sababu nasema bei ya kitabu cha kielektroniki haitaeleweka kwa kutazama gharama peke yake; ni lazima kutazama ni nani anayeipanga na anaogopa nini.

Wizara ya Sheria ya Marekani iliwashtaki Apple na wachapishaji hao Aprili 2012. Wachapishaji walimaliza kesi kwa maafikiano. Apple ikaendelea kupambana, na Julai 2013 Jaji Denise Cote akaamua kwamba ilishiriki njama ya kupandisha bei. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa kusikiliza rufaa Machi 2016, na Apple ikawajibika kulipa dola milioni 450, milioni 400 kati yake zikiwa za wanunuzi. Hata hivyo kilichokatazwa ni njama, wala si uwakala wenyewe. Baadaye kila mchapishaji mkubwa alijadiliana na Amazon peke yake, na uamuzi wa bei ukabaki kwa wachapishaji. Hiyo 14.99 uliyoiona imetoka huko. Toleo la karatasi bado huuzwa kwa jumla, muuzaji akalipunguzia bei apendavyo, na kwa njia hiyo kitabu kilichokata miti kinaweza kuwa rahisi kuliko kile ambacho hakikukata hata tawi.

Kodi nayo ina mkono wake. Uingereza ilitoza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 20 kwenye vitabu vya kielektroniki, huku vya karatasi vikitozwa sifuri, hadi ilipoiondoa Mei 2020. Kenya haikuwa na ubaguzi wa namna hiyo: sheria yake ya mwaka 2013 iliviingiza hata vitabu vya karatasi kwenye asilimia 16. Usawa wa aina hiyo sioni wa kuushangilia.

Vitabu vyangu vimekwenda wapi?

*Mhariri, nilinunua vitabu kadhaa katika duka moja la mtandaoni. Juzi nimebadilisha simu, nimeingia tena, sivioni, na huduma kwa wateja hawajibu. Je, sina haki juu ya mali yangu? — Msomaji, Muscat*

Ndugu yangu, tatizo liko katika hilo neno mali. Masharti ambayo sote tunayakubali bila kuyasoma husema, katika maduka mengi, kwamba umepewa leseni ya kusoma, na leseni inaweza kufutwa. Julai 2009 Amazon ilifuta kutoka kwenye vifaa vya wateja nakala za riwaya mbili za George Orwell, mojawapo ikiwa ile ya *1984*, inayohusu serikali inayoteketeza maandishi isiyoyapenda. Sababu ilikuwa kwamba aliyezipandisha dukani hakuwa na haki nazo. Wateja walirudishiwa fedha, na Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, aliomba radhi hadharani. Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu mwaka 2019, na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka, ingawa hapo pia fedha zilirudishwa.

Wewe hukujibiwa hata kwa barua moja, kwa hiyo andika tena, ambatisha risiti za malipo, na utaje barua pepe uliyoitumia wakati wa kununua, kwani mara nyingi vitabu hufungwa kwenye akaunti na si kwenye simu. Siku zijazo, pale unapopata nafasi ya kuchagua, nunua kwa mchapishaji anayeuza faili lisilo na kufuli, uweke nakala yako mahali pengine. Kitabu chenye kufuli hutaweza kumwazima jirani wala kumrithisha mwanao, na kwa msomaji wa kwetu, ambaye kitabu kimoja husomwa na nyumba nzima kisha kikavuka uzio, hilo ni punguzo kubwa la thamani ambalo bei hailionyeshi.

Riwaya yangu imo kwenye kila kundi

*Mpendwa Mhariri, mimi huandika riwaya za mapenzi na za upelelezi na kuziuza kwa WhatsApp. Msomaji ananitumia shilingi 3,000 kwa simu, ananionyesha ujumbe wa muamala, nami namtumia PDF. Riwaya yangu ya mwisho niliitoa asubuhi; jioni niliikuta katika kundi ambalo mimi mwenyewe ni mwanachama, watu wakimshukuru aliyeileta. Nifanye nini? Nihamie Amazon? — Mwandishi, Tanga*

Dada yangu, pole. Kukaa kimya ndani ya kundi ukitazama jasho lako likigawiwa kunahitaji moyo.

Nianze na Amazon, kwa kuwa waandishi wengi wanaiona kuwa ndiyo mkombozi. Tangu 2010 mwandishi anayejichapishia huko hupata mrabaha wa asilimia 70 iwapo bei ya kitabu iko kati ya dola 2.99 na 9.99, na iwapo mnunuzi yuko katika nchi zilizoorodheshwa. Nje ya masharti hayo anapata asilimia 35. Riwaya yako ya shilingi 3,000 ni dola moja na ushei, kwa hiyo inaangukia kwenye 35, na utabaki na senti zisizofika hamsini za Kimarekani. Tena msomaji wako wa Muheza au Korogwe angetakiwa alipe kwa kadi ya benki, ilhali fedha zake ziko kwenye simu. Kwa wasomaji wa nyumbani, duka ulilojijengea mwenyewe linakulipa karibu bei yote ukiondoa makato ya muamala, na hakuna mchapishaji wala kampuni ya kigeni inayoweza kukupa masharti mema kuliko hayo. Amazon ifikirie kwa ajili ya ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani, wenye kadi, na kwao panga bei ya dola 2.99 au zaidi. Kabla ya hapo soma orodha ya lugha zinazopokelewa, kwa maana kampuni hiyo haipokei kila lugha. Ukiulizwa kama unataka kujiunga na mpango wa kuwapa haki ya pekee, fahamu kwamba kwa siku 90 hutaruhusiwa kuuza faili hilo mahali pengine popote, WhatsApp ikiwemo.

Sasa uvujaji. Hakuna kufuli litakalomzuia mtu aliyedhamiria. Anaweza kupiga picha kioo cha simu ukurasa kwa ukurasa. Linalowezekana ni kufanya usambazaji uwe na aibu na hasara. Andika jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa wa nakala yake kabla hujaituma. Ni kazi ya dakika chache kwa kila mteja, na nimewaona waandishi waliogundua kwamba mtu anayesambaza kitabu cha mwenzake kwa furaha husita sana kusambaza kitabu chenye jina lake mwenyewe kurasa mia mbili mfululizo. Namba yake ya simu usiiweke. Ukivujishiwa, utakuwa umevujisha na siri ya mteja.

Njia ya pili, ambayo mimi naiamini zaidi, ni mfululizo. Magazeti ya Kiswahili yalilea wasomaji wa riwaya kwa kuwakatia hadithi mahali pabaya na kuwaambia warudi wiki ijayo. Toa sura tatu za mwanzo bure, kwa makusudi, na uzisambaze wewe mwenyewe kwenye makundi hayohayo. Sura zinazofuata ziuze kwa mafungu, shilingi 500 au 1,000 kila fungu. Fungu moja likivuja, aliyelipata bure atahitaji linalofuata, na linalofuata liko kwako. Si kila aliyesoma bure angenunua, kwa hiyo usihesabu kila mwanachama wa kundi kuwa ni shilingi 3,000 zilizoibwa. Wahesabu wale ambao sura tatu zingewatosha kuwashika.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda riwaya yako tangu ulipoiandika, na kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi utakaokufaa mkifika mbali. Wenzako wa Zanzibar wanayo COSOZA. Lakini anza na msimamizi wa kundi, kwa ujumbe wa faragha wenye heshima. Wengi huondoa faili siku hiyohiyo.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza. PDF yako imepangwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4. Nimelijaribu faili la namna hiyo kwenye simu ya kawaida: ukurasa mzima unaingia kioo kizima na herufi zinakuwa vumbi, ukiukuza kwa vidole viwili unapata nusu ya mstari, unausukuma kushoto kuumalizia, unaurudisha kulia kuanza mstari wa pili, na kufikia aya ya nne umesahau nani kamuua nani. Umbo la EPUB halina kurasa zilizogandishwa. Maneno hujipanga upya kufuata upana wa kioo na ukubwa wa herufi anaoutaka msomaji, na programu za bure za kompyuta hugeuza hati ya Word kuwa EPUB kwa muda mfupi. Wauzie wasomaji wako EPUB. Kama baadhi yao hawajui kuifungua, watumie pamoja nayo PDF iliyopangwa kwa ukurasa mdogo wenye herufi kubwa.

Karatasi itakufa lini?

*Kwa ufupi tu, Mhariri. — Mwenye duka la vitabu, Mwanza*

Kwa ufupi: huko Marekani, ambako vifaa hivi vilianzia, uchunguzi wa kituo cha utafiti cha Pew wa mwaka 2021 ulikuta asilimia 65 ya watu wazima walikuwa wamesoma kitabu cha karatasi katika miezi 12 iliyotangulia, na asilimia 30 cha kielektroniki. Ningekuwa na duka, ningehofia zaidi yale yaliyowapata wenye maduka wa Kenya tangu 2018, serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, duka likarukwa. Hao hawakupokonywa wateja na simu.

Wanafunzi wanasoma, lakini je, wanaelewa?

*Ndugu Mhariri, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hupakua vitabu kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu na kuvisoma kwenye simu za wazazi. Nafurahi kwamba wana vitabu, lakini nikiwauliza maswali naona walipita juujuu. Je, ni mimi tu? — Mwalimu, Morogoro*

Si wewe tu, Mwalimu. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Pablo Delgado walikusanya tafiti 54 zilizofanywa kati ya 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakalinganisha uelewa wa waliosoma kwenye karatasi na waliosoma kwenye kioo. Karatasi ilishinda kwa tofauti ndogo lakini ya kudumu. Tofauti ilionekana kwenye maandishi ya maarifa, kama ya biolojia au historia, na ilikua pale wasomaji walipowekewa muda. Kwenye hadithi tupu haikuonekana. Lililonishangaza ni kwamba pengo lilizidi kupanuka kadiri miaka ilivyokwenda, kwa hiyo hatuwezi kujifariji kwamba watoto waliozaliwa na simu mkononi watajirekebisha wenyewe.

Sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba kioo tumekizoea kwa mambo ya haraka, na jicho huendelea na mwendo uleule hata likikutana na sura ya mfumo wa damu. Basi usiwakataze simu, kwa kuwa mbadala wa simu katika nyumba nyingi si kitabu cha karatasi bali ni kukosa kitabu kabisa. Wape kazi inayovunja mwendo: kila baada ya kurasa mbili waandike kwenye daftari, kwa kalamu, sentensi tatu za walichokisoma bila kutazama simu. Sura zile ngumu za mtihani, ikiwa shule ina mashine, zichapishe. Hadithi waache wasome kwenye simu hadi wachoke.

Na usidharau anachokifanya mzazi mwenye simu hiyo. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2014 kuhusu usomaji wa vitabu kwa simu katika nchi 7, Uganda ikiwa mojawapo, ilikuta kwamba takriban theluthi ya waliohojiwa walitumia simu kuwasomea watoto hadithi, na kwamba wanawake walisoma kwa wastani wa dakika 207 kwa mwezi dhidi ya dakika 33 za wanaume. Katika kikao cha wazazi, wenye kuuliza kuhusu hadithi za bure za watoto waelekeze kwenye African Storybook, ambako zimo za Kiswahili zenye leseni inayoruhusu kunakili na hata kuchapisha. Akina baba nao, ukipata namna, waulize hizo dakika nyingine zinakwenda wapi.

Kwangu mimi kitabu ni sauti

*Mheshimiwa Mhariri, mimi sioni. Simu yangu hunisomea ujumbe na habari bila shida. Lakini nikitumiwa kitabu cha Kiswahili, simu inasema tu kwamba kuna picha, kisha inanyamaza. Je, vitabu hivi vya kisasa havikutengenezwa kwa ajili yetu? — Msomaji, Kisumu*

Ndugu msomaji, simu yako iko sawa. Kosa liko kwenye faili. Vitabu vingi vya Kiswahili vinavyozunguka ni kurasa zilizopigwa picha kwa skana au kwa kamera, na ndani yake hakuna herufi hata moja ambayo programu ya kusoma inaweza kuikamata. PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye kompyuta ina herufi, ingawa vichwa, tanbihi na namba za kurasa huchanganyika ndani ya sentensi. EPUB iliyotengenezwa vizuri huonyesha sura inaanzia wapi, hivyo utaweza kuruka hadi sura ya tano bila kusikiliza nne za kwanza, na simu za Android zina sauti ya kusomea Kiswahili, yenye lafudhi ambayo utaisamehe baada ya muda.

Una pia haki ambayo wachapishaji wengi wa kwetu hawaizungumzii. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 2013, unaruhusu taasisi zinazowahudumia wasioona kutengeneza nakala zinazosomeka kwao bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, na kubadilishana nakala hizo kuvuka mipaka. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Kwa hiyo kitabu kilichokwisha kutengenezwa Kampala kwa ajili ya wasioona kinaweza kutumwa Kisumu kihalali, na maktaba au chama chako kina haki ya kukiagiza.

Wakati unasubiri taasisi ziamke, mwandikie mchapishaji mwenyewe. Taja jina la kitabu, eleza kwamba huoni, na uombe faili la herufi, liwe EPUB au Word, kwa bei ileile ya dukani. Akikujibu kwamba hana kitu kama hicho, usikubali upesi: vitabu vya siku hizi hupangwa kwenye kompyuta kabla ya kwenda kiwandani, na kama kitabu chako ni cha miaka ya karibuni, faili lake yaelekea bado limehifadhiwa na aliyezipanga kurasa. Mwombe akuunganishe na huyo.